Mama Sina na Ndoo ya Figo

Msomaji, ule mkono bado haujaachia.

Kama gazeti lako la wiki jana liliazimwa na jirani na halikurudi, nikusogeze haraka. Binti mmoja mshona nguo, ambaye mtaa mzima humwita Sindano kwa sababu ya kazi yake na zaidi kwa sababu ya mdomo wake, alikuwa amesimama mlangoni mwa duka kubwa la vyakula akiwa ndani ya figo.

Hujakosea kusoma. Ndani ya figo. Aliishona mwenyewe kwa sponji la godoro, akaipaka rangi nyekundu iliyokolea, akatoboa matundu mawili ya macho. Ndoo mkononi, bango kifuani, anachangisha pesa za kuinunulia hospitali ya mji mashine ya kusafisha damu. Mama yake mdogo, aliyemlea tangu hajaota meno, husafiri mbali kila wiki kwenda kusafishwa damu, na kila akirudi huwa hoi.

Basi akiwa humo, joto limempanda hadi masikioni, mkono uliojaa bangili ukamdaka, na sauti ikasema: "Leo nimekupata!"

Sauti hiyo Sindano angeitambua hata akiwa usingizini. Ilikuwa ya mama mkwe wake mtarajiwa. Yule yule aliyemketisha sebuleni kwake na kumwambia bila kupepesa: "Binti, ukiendelea kushika ndoo barabarani, mkono wa mwanangu hutaushika. Chagua."

Sindano alichagua. Aliapa kwamba ndoo ameiacha. Na sasa huyu hapa, ndoo mkononi, figo mwili mzima, na harusi iko mlangoni.

"Tangu asubuhi nakutafuta wewe!" Mama mkwe akamtikisa hadi sponji likapwaya.

"Mimi?" Sindano alijibu kwa sauti nzito ya kiume aliyoitoa sijui wapi. "Umenifananisha, mama."

"Nikufananishe na nani? Mji huu una maharagwe mangapi yanayotembea?"

Maneno hayo yalimchoma Sindano, maana asubuhi nzima watu walikuwa wakimwita haragwe. Kijana mmoja alimwuliza kilo ni bei gani. Lakini pia yalimpa pumzi. Kama mama mkwe anaona haragwe, basi hajaona mkamwana.

Hapa lazima nikupe habari za mama huyu. Mtaani anaitwa Mama Sina. Si kwamba hana. Nyumba anayo, na duka la vitambaa analo, tena lenye milango miwili. Ni kwamba akiona mtu ameshika ndoo, kikapu au bahasha, hata kabla hajaombwa, yeye hujibu: "Sina!" Siku moja mpita njia alimwuliza saa ngapi. "Sina!" akasema, na saa iko mkononi inang'aa.

Tusimcheke sana. Wengi wetu si bora kumshinda, ila sisi tuna adabu ya kujificha. Asubuhi hiyo hiyo Sindano alikuwa amemwona mzee mmoja akiinama kufunga kamba za viatu, na mzee amevaa kandambili. Bwana mmoja mwenye tai aliweka simu sikioni na kuanza kupayuka, "Haloo! Haloo!", mara simu yenyewe ikamlilia humo humo sikioni. Dada mmoja alitoa sarafu moja, akasimama kusubiri ashukuriwe, mpaka watu wa nyuma wakamsukuma.

Na bango ndilo lililozidi kuharibu. Fundi wa mabango aliambiwa aandike CHANGIA MASHINE YA FIGO. Kwa mapenzi ya kazi yake, akaliandika neno la kwanza kubwa mno, nafasi ikamwishia. Akayaruka maneno mawili ya katikati. Ubao ukasomeka: CHANGIA FIGO.

"Watu wataelewa," alisema fundi huku akiosha brashi.

Watu walielewa, lakini walielewa vingine. Walipita mlangoni wamejishika viuno kwa mikono miwili. Mlevi mmoja alikuja karibu na kuuliza kwa heshima: "Na maini mnapokea? Langu limetumika kidogo tu."

Sasa turudi kwenye ule mkono.

Watu walikuwa wameshajaa. Ugomvi wa bure haukosi watazamaji, hata wale waliokuwa na haraka mno wasiweze kutoa sarafu sasa walikuwa na nafasi tele.

"Mama, mshike vizuri!" akasema yule mwenye tai. "Hawa wezi hawa! Wanachanga asubuhi, wanakunywa jioni!"

"Mwacheni, anatafuta riziki," akasema mama mmoja mwenye mtoto mgongoni.

"Riziki gani? Mvueni kichwa tumwone!"

"Mvueni! Mvueni!"

Mikono ikaanza kumfikia. Mmoja alishika sponji la kichwa na kulivuta. Sindano alililalia kwa kidevu, akajua kwamba hapa ndipo ndoa yake inapofia, kwenye mlango wa duka, mbele ya rundo la viazi.

"NANI ANAMVUA?"

Aliyepiga kelele alikuwa Mama Sina.

Watu wakanywea. Mama Sina akasimama mbele ya figo, mikono kiunoni, kama kuku mwenye vifaranga. "Wewe mwenye tai, umemtolea nini huyu mtu hata umvue? Hebu nionyeshe! Kama hujatoa kitu, ondoka! Huyu ana shughuli na mimi."

Msomaji, watu walitazamana. Mama Sina anamtetea mchangishaji! Mlinzi wa duka, mtu mpole aliyevaa kofia kubwa kuliko kichwa chake, akasogea.

"Mama, unampeleka wapi haragwe?"

"Stoo. Nifungulie."

"Stoo si ya wateja, mama."

"Mimi nimeanza kununua hapa hata kofia hiyo hujapewa. Fungua!"

Mlinzi alifungua. Wanawake wa aina hii hawafungiwi milango.

Stoo ilikuwa imejaa magunia na makatoni ya sabuni. Mama Sina aliurudisha mlango, akamketisha figo juu ya gunia la mchele, akamzunguka mara moja akimkagua. Sindano alisali kimyakimya. Anajua, alijiambia. Anajua, ila ameona aibu kunivua hadharani.

"Kijana," alianza Mama Sina, "mimi sikupendi."

"Ndiyo, mama," ikajibu sauti nzito.

"Sipendi kazi yako. Mnawavizia watu milangoni. Mtu ametoka kununua chumvi yake, anaaibishwa mbele za watu. Na pesa zenyewe mnazila. Mnazila au hamzili?"

"Hatuzili, mama. Ndoo ina kufuli."

"Lete hapa."

Akaichukua ndoo. Akainamia tundu lake dogo la juu, akachungulia kwa jicho moja, akaingiza kidole. Uso wake ukabadilika kabisa.

"Inapita wapi hapa?"

"Nini, mama?"

"Na barafu iko wapi?"

"Barafu?"

"Unaniuliza tena! Wewe ndiye mwenye kazi! Jua lote hili, mnaweka kwenye ndoo kavu, bila barafu wala kifuniko cha maana! Si itaoza kabla haijafika hospitali?"

Sindano alimtazama kupitia matundu yake mawili. Alianza kuogopa kwamba mama mkwe amepatwa na kichaa.

"Mama, sarafu haziozi."

"Nani kakuambia habari za sarafu?" Mama Sina alishusha sauti, akatazama mlango, akasogea mpaka pua yake ikagusa sponji. "Mimi pesa sina. Lakini figo ninazo mbili."

Nje, mtu alikuwa akibishania bei ya vitunguu.

"Jana nilisoma bango lako," akaendelea, haraka haraka kama mtu anayeogopa kughairi. "Nikalipita. Nikarudi, nikalipita tena. Nikaenda nyumbani sikulala. Kuja leo asubuhi, hupo! Kumbe umehama mlango. Nimekuzungukia mji mzima. Tangu jana sijatia kitu mdomoni, nasikia mtu hatakiwi kula. Sasa niambie, unachukua hapa hapa au kuna gari?"

Na mimi msimulizi, nakiri kwamba sijui nani angejibu vizuri hapo. Kicheko kilikuwa kimemjaa Sindano tumboni, lakini kilikuwa na mwenzake, hofu, na huyo mwenzake alikuwa baridi.

"Mama," alisema polepole, "bango limekosewa. Tunachanga pesa. Za mashine. Figo hatupokei."

"Hampokei?"

"Hatupokei, mama."

Mama Sina alikaa juu ya katoni la sabuni ghafla, likabonyea. "Maisha yangu yote," akasema, "siku moja tu nimekuja kutoa kitu, na hampokei."

"Figo hutolewa hospitali, mama. Daktari anapima kwanza, anaangalia kama damu zinapatana. Na si ya kila mtu tu, lazima kuwe na mgonjwa unayempa."

"Mgonjwa ninaye. Ningekuachia vipi wewe bila kukuambia ni ya nani? Pesa mnazila, figo itawashinda?" Akajifuta jasho kwa ncha ya kitambaa cha kichwa. "Ni ya mwanangu."

Mama Sina ana mtoto mmoja. Msomaji, sina haja ya kukuambia ni nani. Ni fundi redio, mwenye kibanda ng'ambo ya barabara, mwenye kicheko cha kusikika mtaa wa pili. Ni mchumba wake Sindano.

"Mwanao anaumwa?" Ile sauti nzito ilikatika katikati, ikatoka nyembamba.

"Koo limekauka, kijana? Ndilo joto la humo. Ndiyo, anaumwa. Figo zake zote mbili zimechoka. Madaktari wamemwambia zitafika mahali zitasimama. Kaniapisha nisimwambie mtu, na hasa mchumba wake. Anasema akijua, atamkimbia, ama atamwonea huruma, na kwake yeye huruma ni mbaya zaidi."

Ndani ya sponji, Sindano alikuwa hasikii tena joto. Aliiona suti. Suti ya harusi aliyokuwa akimshonea, ambayo kiuno chake amekipunguza mara mbili. "Mapenzi yananikondesha," fundi redio alimwambia, naye akacheka huku ameuma pini. Halafu viatu, ambavyo vilianza kumbana. "Ni hali ya hewa tu." Na yeye Sindano, ambaye vifundo vya miguu ya mama yake mdogo vikivimba kidogo tu anajua, alichukua futi, akapima, akaandika, na hakuona! Alijichukia kwa moyo wake wote.

"Na ndiyo maana nilimkataza yule binti ndoo," Mama Sina alikuwa akiendelea. "Anadhani namdharau. Mimi? Mimi nilijua atasimama huko na habari zake za figo, figo, mpaka siku moja mwanangu apite na amsikie, aanguke hapo hapo kwa aibu. Basi nikasema afadhali binti anione mchoyo, kwani nani hajaniita hivyo. Yule binti ana mdomo, lakini ana mkono mwepesi wa kutoa. Mimi nilizaliwa bila mkono huo. Kila nikitaka kutoa, mdomo unawahi kusema sina."

Akaanza kulia, kwa hasira, kama mtu aliyeibiwa.

Sindano alisimama. Akashika kichwa cha sponji kwa mikono miwili, akakivuta. Kiligoma kwenye masikio, akakivuta tena, kikatoka kwa kishindo kidogo. Nywele zake zilikuwa zimesimama pande zote na machozi yamechanganyika na jasho.

Mama Sina alimtazama. Akatazama mwili wa figo, akarudi kwenye uso.

"Wewe!"

"Mimi, mama."

"Uliapa!"

"Niliapa, mama. Nisamehe."

"Umenisikiliza yote hayo! Umeniacha niingize kidole kwenye ndoo!"

"Mama," alisema Sindano, na safari hii sauti ilikuwa yake mwenyewe, "na mimi ninazo mbili."

Mama Sina alifumbua mdomo. Kwa mara ya kwanza mtaani, mtu alikuwa amemwahi. Wakabaki wanatazamana, mmoja juu ya katoni lililobonyea, mwingine figo hadi shingoni, na kilichokuwa kati yao hakikuwa ugomvi tena.

"Tutapimwa wote," akanong'ona Mama Sina. "Yako ikikataa, yangu. Yangu ikikataa, yako. Lakini yeye asijue mpaka—"

"Asijue nini?"

Mlango ulikuwa wazi. Fundi redio alikuwa amesimama hapo, bisibisi bado ipo mfukoni mwa shati, na nyuma yake mlinzi na kofia yake.

"Mimi nilimwita tu kwa wema," alijitetea mlinzi. "Nilimwambia mama yako amemfungia haragwe stoo, njoo kabla hajaua mtu."

Fundi redio hakucheka. Na huyo ni mtu anayecheka hata akipigwa shoti ya umeme.

"Nimesikia," akasema. "Nimewasikia wote wawili, mnanigawia figo kama vipande vya nyama. Nani amewaomba?"

"Mwanangu—"

"Nani amewaomba, mama? Si wewe uliyenifundisha? 'Mwanangu, anayepokea cha mtu, uso wake si wake tena.' Hayo si maneno yako? Nimekua nayo. Nimeyala asubuhi na jioni. Leo unataka nitembeze ndoo kwa mchumba wangu?"

Mama Sina alijikunyata. Hakuna aliyewahi kumchapa kama alivyochapwa na maneno yake mwenyewe.

Kijana akamgeukia Sindano. "Na wewe nakupenda. Ndiyo maana nasema harusi hakuna. Sitaki kila ukinitazama uone kitu chako kiko ndani yangu. Nenda kachangishe kwingine. Mimi sichangiwi."

Akageuza kisogo.

Unajua kwa nini wanamwita Sindano? Sasa utajua. Mshona nguo yule hakulia, hakupiga magoti. Aliinua kile kichwa cha sponji juu kabisa kwa mikono yake miwili.

"Hasira za mama yako usiniletee mimi!" alipiga kelele. "Mjinga wewe! Mimi husimama juani siku nzima nikiomba watu nisiowajua, kwa ajili ya watu wasionijua, na wewe unaona aibu kupokea kwangu? Shika!"

Akamtupia.

Kichwa cha figo kiliruka stoo nzima na kumpata fundi redio barabara nyuma ya shingo. Mlinzi akacheka. Mama Sina, machozi yangali mashavuni, akacheka pia. Sindano mwenyewe alikuwa ameshaanza kucheka, kwa kuwa sponji ni sponji, haliui hata inzi.

Fundi redio alipepesuka. Akashika ukingo wa mlango. Akaukosa. Akaenda chini taratibu, kwanza magoti, kisha bega, kisha uso, kwenye sakafu ya duka.

"Haya, amka," akasema Sindano. "Acha maigizo."

Hakuamka.

"Amka, jamani!" Akawa ameshafika, amepiga magoti na figo yake yote, amemgeuza. Macho yalikuwa yamefumbwa nusu. Midomo ilikuwa na rangi ambayo Sindano aliijua. Aliwahi kuiona kwa mama yake mdogo, siku gari lilipochelewa.

"Gari!" akapiga ukelele. "Mama, tafuta mtu mwenye gari! Sasa hivi!"

Mama Sina aliruka juu ya miguu ya mwanawe, akatokea dukani kichwa wazi, kitambaa kimebaki stoo. Ndoo alikuwa bado ameishika, hata hajui. Mbele yake ilikuwa foleni ndefu ya watu: yule mwenye tai, ufunguo wa gari ukining'inia kidoleni, yule mama mwenye mtoto mgongoni, na wengine wote waliomjua vizuri.

Alitaka kuamuru, kama alivyozoea. Amri haikutoka. Likatoka neno ambalo hajawahi kulitamka mbele ya mtu tangu azaliwe.

"Naombeni," akasema Mama Sina. "Jamani, naombeni!"

Watu wakamwona mama analia na ndoo mkononi. Kila mmoja akaanza kuangalia rafu iliyokuwa karibu naye.